Sura ya Nne: Viza Huja Mwisho

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ujerumani, Nancy Faeser, na Mkuu wa Mawaziri wa Kenya, Musalia Mudavadi, walitia saini makubaliano ya uhamaji na ajira mbele ya Kansela Olaf Scholz na Rais William Ruto. Mara habari zikaenea kwamba Ujerumani imefungua milango kwa Wakenya 250,000. Wizara ya Faeser ikakanusha hadharani: makubaliano hayana idadi yoyote, na kila mwombaji atapimwa kwa sheria iliyopo. Lakini kanusho halikukimbia kama uvumi ulivyokimbia. Wapo wazazi waliobaki wakiuliza zile nafasi laki mbili na nusu zinagawiwa katika ofisi gani.

Idadi ya kweli iliyotajwa siku zile ilikuwa ndogo mno. Madereva watano wa basi kutoka Kenya walikuwa wamekaribishwa Flensburg, mji ulio kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Denmark, kwa mradi wa majaribio. Watano tu. Lakini kila mmoja wao alikuwa na kitu ambacho wale laki mbili na nusu wa uvumi hawakuwa nacho: mwajiri anayemjua kwa jina na kazi inayomngoja. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa sura hii. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaotaka kwenda kujifunza kazi Ujerumani huanza kwa kutafuta viza, na humlipa mtu anayewaahidi viza. Viza ya mafunzo haitafutwi hivyo. Ni jibu linalotolewa mwishoni, baada ya lugha, mwajiri na makaratasi kupatana.

Mfumo wenyewe Wajerumani huuita Ausbildung. Kwa Kiswahili ni uanagenzi, ila uanagenzi wenye sheria, mshahara na mtihani wa taifa. Mwanagenzi husaini mkataba na mwajiri, hufanya kazi sehemu ya wiki, na sehemu nyingine hukaa darasani katika shule ya ufundi. Fani zinazotambuliwa zinazidi 300, kuanzia uuguzi, upishi na uokaji mikate hadi umeme, ufundi wa magari na uchinjaji nyama, na muda wake ni kati ya miaka miwili na mitatu na nusu. Wajerumani wanazeeka, na watoto wao wengi wanapendelea chuo kikuu. Mwaka 2023, zaidi ya nafasi 73,000 za uanagenzi zilibaki bila mtu wa kuzijaza. Taasisi ya utafiti wa ajira ya IAB inakadiria kwamba nchi hiyo inahitaji ongezeko la watu wapatao 400,000 kwa mwaka kutoka nje ili nguvukazi yake isipungue. Haja yao ni ya kweli. Kinachopotosha ni kudhani kwamba haja ya nchi nzima inamhusu kila anayepiga hodi.

Safari za namna hii zina historia kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na vijana wa Visiwani wakapelekwa kusoma huko huku mafundi wa Kijerumani wakija kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Wakati ule serikali mbili zilizungumza, na kijana akaitwa. Leo hakuna serikali inayombebea kijana faili lake. Sheria inayotawala, ile ya uhamiaji wa wenye ujuzi iliyoanza kutumika Machi 2020 na kulegezwa kwa awamu mwaka 2023 na 2024, humtazama mtu mmoja mmoja. Kifungu cha 16a cha Sheria ya Ukaazi kinampa ruhusa mwenye mkataba wa mafunzo. Kifungu cha 17 kinamruhusu kijana ambaye hajafikisha miaka 35, mwenye Kijerumani cha kiwango cha B1, shule ya kutosha na fedha za kujikimu, aende akatafute nafasi mwenyewe kwa hadi miezi tisa. Hii njia ya pili ni ghali, maana miezi yote hiyo unakula fedha zako. Kwa mtoto wa mkulima wa Kakamega au Mbeya, nashauri ya kwanza.

Tuanze basi pale panapostahili kuanzwa, yaani kwenye lugha.

Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, inakadiria kwamba mtu huhitaji kati ya vipindi 350 na 650 vya dakika 45 ili afike kiwango cha B1. Ukisoma kila siku ya kazi bila kukosa, hiyo ni miezi sita kwa mwepesi, na inaweza kufika mwaka au zaidi kwa anayesoma huku anafanya kazi. Mtihani una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na kila sehemu lazima upate 60. Aliyeanguka moja hurudia hiyo moja, halazimiki kurudia zote. Mitihani hufanyika Nairobi na Dar es Salaam, na vyeti vya watahini wengine wa Kijerumani, telc na ÖSD, navyo hutambuliwa.

Kisheria B1 si lazima kwa kila mtu. Mwajiri anaweza kuthibitisha kwamba amempima mwanagenzi na Kijerumani chake kinatosha, au mafunzo yakatanguliwa na kozi ya lugha. Mawakala wanaijua nafasi hii na huitangaza sana, wakitaja A2, kiwango kilicho chini ya B1: "A2 inatosha, mdogo wangu, lugha utaimalizia huko huko." Namwomba kila msomaji asikubali maneno hayo, hata kama karatasi inaruhusu. Shule ya ufundi ya Kijerumani haikungoji. Mwalimu anafundisha wanafunzi waliozaliwa na lugha hiyo, na mwanagenzi wa uuguzi hukaa darasani saa 2,100 katika miaka mitatu, mbali na saa 2,500 za wodini. Anasoma anatomia, dawa, sheria za wagonjwa na namna ya kuandika ripoti ya zamu, yote kwa Kijerumani. Wodini kuna bibi wa miaka tisini na moja anayenong'ona kwa lahaja ya Bavaria kwamba kifua kinambana. Asiyemwelewa bibi huyo anamhatarisha, na anajihatarisha mwenyewe, kwa sababu muda wa matazamio katika uuguzi ni miezi sita, na ndani yake mkataba unaweza kuvunjwa bila maelezo marefu.

Kwa hiyo nasema lugha ni asilimia kubwa ya viza, ingawa ubalozi hauandiki hivyo popote. Ndiyo inayokupatia mwajiri, maana mahojiano naye hufanyika kwa video na kwa Kijerumani. Ndiyo inayojibu dirishani. Ndiyo itakayokubakisha. Na tofauti na mambo mengine yote katika safari hii, lugha hainunuliwi kwa konekshini wala haiibiwi. Familia yenye laki tatu za Kenya na haijui iziweke wapi, iziweke hapo.

Baada ya lugha, mkataba. Nafasi za uanagenzi hutangazwa wazi katika tovuti ya Shirika la Ajira la Ujerumani na katika tovuti ya serikali ya Make it in Germany, na mtu yeyote anaweza kuandika ombi lake bila kupitia kwa mtu. Msimu una umuhimu wake. Mafunzo mengi huanza Agosti au Septemba, uuguzi huanza pia Aprili na Oktoba, na waajiri makini huanza kuchagua watu karibu mwaka mmoja kabla. Anayetuma barua Juni kwa ajili ya Septemba amechelewa, hata akikubaliwa, kwa kuwa viza haitawahi.

Mkataba wa kweli unatambulika kwa yaliyomo. Sheria ya Mafunzo ya Kazi ya Ujerumani inataka uonyeshe fani na lengo la mafunzo, tarehe ya kuanza na muda, saa za kazi kwa siku, muda wa matazamio, malipo ya kila mwezi, siku za likizo na masharti ya kuuvunja. Mkataba wa fani za biashara na viwanda huandikishwa katika Chemba ya Viwanda na Biashara ya eneo hilo, na wa mafundi katika Chemba ya Ufundi. Chemba hizo ni ofisi halisi, zina simu na barua pepe, na unaweza kuziuliza kama kampuni fulani inaruhusiwa kufunza. Tafuta namba ya kampuni mwenyewe, usitumie ile uliyopewa na wakala. Rejista ya makampuni ya Ujerumani husomwa bure mtandaoni tangu Agosti 2022, ingawa karakana ndogo ya mtu mmoja huenda usiikute humo na hilo peke yake si ushahidi wa utapeli.

Katika Sheria hiyo ya Mafunzo ya Kazi mna sentensi ambayo natamani ingebandikwa ukutani katika kila chuo cha lugha kuanzia Mombasa hadi Bujumbura: makubaliano yoyote yanayomlazimisha mwanagenzi kulipa ili afunzwe ni batili. Vifaa vya mafunzo pia hutolewa na mwajiri bure. Mwanagenzi halipi, bali hulipwa. Basi mtu anayekuuzia nafasi ya mafunzo kwa yuro elfu tatu anakuuzia kitu ambacho kwa sheria ya huko hakiuzwi. Wakala mwenye leseni anaweza kudai malipo halali kwa kazi iliyo wazi, kama kutafsiri vyeti au kufundisha lugha, na leseni yake utaihakiki kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ukiwa Kenya, au kwa ofisi za wizara ya kazi ukiwa Tanzania. Mwambie akuandikie kila huduma na bei yake. Ada ya viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni yuro 75. Yeyote anayetaja "gharama za viza" za mamilioni aulizwe kilichobaki ni cha nani.

Wazazi wetu huuza shamba kwa ajili ya safari hizi. Huuza ng'ombe, hukopa kwenye chama, huitisha harambee ukumbini. Ndiyo maana ninalikazania jambo hili kuliko mengine. Fedha iliyotoka kwenye shamba la ukoo hairudi kwa kumwita dalali polisi. Kwa kawaida huwa amekwisha badilisha namba ya simu.

Sasa malipo, kwa kuwa ubalozi utayapiga hesabu. Ujerumani ina kima cha chini cha malipo ya uanagenzi: mikataba iliyoanza mwaka 2025 ilikuwa yuro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na kiwango hupanda kwa asilimia 18 mwaka wa pili na 35 mwaka wa tatu. Uuguzi katika hospitali za umma hulipa karibu mara mbili yake, zaidi ya yuro 1,300 kuanzia mwaka wa kwanza. Takriban moja ya tano hukatwa kwa bima ya afya, pensheni na bima nyingine za jamii. Kinachobaki lazima kitoshe kodi ya chumba na chakula, na serikali ina kiwango chake cha chini inachoamini mtu hawezi kuishi bila hicho. Kama mshahara haufiki, pengo huzibwa. Mwajiri anayetoa chumba hupunguza kiasi kinachotakiwa. Vinginevyo utaweka fedha katika akaunti maalumu inayokuachia kiasi fulani tu kila mwezi, au ndugu anayeishi Ujerumani atakusainia ahadi ya kukutunza.

Hiyo saini ya ndugu tuiheshimu. Kijana humpigia shangazi yake aliye Hamburg: "Shikamoo shangazi, ni karatasi tu, unasaini mara moja imekwisha." Haijaisha. Shangazi anakwenda Ofisi ya Wageni ya mji wake, anaonyesha mshahara wake, na kuanzia hapo anawajibika kwa serikali kurudisha gharama za umma zitakazotumika juu ya mpwa wake kwa muda unaoweza kufika miaka mitano. Ukimwomba, mweleze yote hayo mwanzoni. Akikataa, hajakutupa.

Kuhusu vyeti, adui mkubwa ni majina. Kwetu pwani mtu hujiita kwa jina lake, la baba na la babu. Bara wengine huanza na jina la ubatizo, wengine na la ukoo, na karani wa shule aliandika alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kina Salum, cha kidato cha nne kina Salumu, pasi ina Salim. Sisi tunajua ni mtu yule yule. Afisa wa Kijerumani ana watu watatu mezani. Fomu yake ina kisanduku cha jina la ukoo, dhana ambayo familia nyingi za Kiislamu za pwani hazikuwahi kuwa nayo, na kitakachoingia humo ni kile kilichoandikwa hivyo katika pasi. Mamlaka za mitihani huwa ngumu kubadili jina lililokwisha chapishwa kwenye cheti, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu kukifuata cheti cha shule: rekebisha cha kuzaliwa kwanza, kisha omba pasi inayofanana nacho. Tofauti iliyobaki ithibitishwe kwa kiapo cha kisheria, kabla hujapata miadi. Kazi hii inaweza kula miezi. Ifanye wakati unasoma A1, kiwango cha kwanza cha lugha, usingoje mkataba.

Vyeti vya shule hutakiwa vilinganishwe na mfumo wa Kijerumani. Kwa uuguzi sharti la msingi ni miaka kumi ya shule inayotambuliwa kuwa sawa na ya kati ya kwao, na mwenye cheti cha kidato cha nne kwa kawaida huanzia hapo katika mazungumzo. Vilivyoandikwa kwa Kiswahili vitafsiriwe na mfasiri anayekubaliwa. Usitengeneze cheti. Balozi za Ujerumani huhakiki vyeti vilikotoka, na cheti bandia kimoja huangusha faili lote hata kama vingine tisa ni halali.

Tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu za Ujerumani yanaweza kujazwa mtandaoni kupitia tovuti ya huduma za kibalozi. Unapakia nyaraka, mtu wa ubalozi anaziangalia, anakuambia kinachopungua, halafu ndipo unaitwa kutoa alama za vidole na kuhojiwa. Naliona hili kuwa badiliko zuri kuliko yote yaliyofanywa miaka ya karibuni. Zamani mtu alisafiri usiku kucha kutoka Kisumu akarudishwa kwa karatasi moja.

Mwajiri anaweza pia kuharakisha mambo. Akienda katika Ofisi ya Wageni ya mji wake na kulipa yuro 411, ofisi hiyo hukagua faili huko huko Ujerumani na kutoa kibali cha awali. Kibali kikifika, ubalozi unatakiwa ukupe miadi ndani ya wiki tatu, na kwa kawaida uamue ndani ya wiki tatu nyingine tangu ombi lilipokamilika. Waajiri wadogo wengi, mwokaji mikate wa kijijini kwa mfano, hawajawahi kusikia habari hii. Mwandikie kwa adabu, umtajie kifungu cha 81a cha Sheria ya Ukaazi. Mwanagenzi anayemfundisha mwajiri wake sheria ya nchi yake mwenyewe ameshaonyesha kitu ambacho cheti hakionyeshi.

Na mahojiano? Watu huyaogopa kupita kiasi, kisha huyaandaa vibaya. Huzunguka karatasi zenye maswali na majibu, na vijana huzikariri kama kasida. Afisa amezisikia zote. Anachotafuta ni kama hadithi moja inapita katika wasifu wako, barua yako ya kueleza nia, mkataba na maneno yako. Sheria haikuweka ukomo wa umri kwa aliyepata mkataba wa mafunzo, wala haimkatazi mwenye digrii kuanza uanagenzi. Lakini mwanamke wa miaka 29 mwenye stashahada ya uhasibu anayeomba kujifunza upishi Leipzig ataulizwa kwa nini, na ana haki ya kuulizwa. Jibu la kukariri litakuwa kwamba Ujerumani ina mfumo bora wa mafunzo duniani. Jibu la kweli huenda likawa kwamba alisoma uhasibu kwa sababu mjomba ndiye aliyelipa karo, kwamba miaka minne sasa anapika chakula cha harusi na misiba mtaani Majengo, kwamba sufuria ya pilau ya watu mia tatu haimtishi, na kwamba anataka cheti kitakachomwezesha kuendesha jiko la hoteli. Jibu hili la pili lina nguvu hata kwa Kijerumani chenye makosa ya sarufi. Liandike hivyo pia katika barua, na miaka ile ya kupika iingie katika wasifu, isiachwe pengo tupu kwa kuwa haikuwa na risiti za mshahara.

Ataulizwa pia mambo madogo. Kampuni iko mji gani? Utakuwa na wafanyakazi wenzako wangapi? Shule ya ufundi iko wapi, na utafikaje? Utalipwa kiasi gani, utalala wapi? Kijana ambaye wakala alimtafutia kila kitu hushindwa hapa, kwa sababu mkataba ni wa mtu mwingine uliobandikwa jina lake. Aliyezungumza na mwajiri mara kadhaa, akatazama ramani, akauliza bei ya tiketi ya treni ya mwezi, hujibu bila kuhema. Kuhusu kurudi nyumbani, usidanganye. Ujerumani inawafunza watu wa kigeni ikitumaini wengi watabaki kufanya kazi, na sheria inampa njia ya ukaazi wa kudumu aliyefuzu huko na kuifanya kazi ya fani yake. Kusema unataka kufanya kazi miaka kadhaa baada ya kufuzu si kosa kwa viza ya namna hii. Wanaofundishwa kula kiapo cha kurudi siku ya mtihani wa mwisho wamepewa ushauri wa viza ya utalii.

Wengine hunyimwa. Barua huja na sababu fupi: lugha haitoshi, fedha hazitoshi, au lengo la safari lina shaka. Hadi katikati ya mwaka 2025 mtu aliweza kuandika pingamizi kwa ubalozi ule ule, bila malipo, akaomba faili litazamwe upya. Njia hiyo ilifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025. Nasikitika ilivyofutwa, kwa kuwa ilikuwa kimbilio la wasio na wakili. Zimebaki mbili. Unaweza kufungua shauri katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu upokee uamuzi, kwa maandishi ya Kijerumani, na shauri hilo linaweza kuchukua muda mrefu kuliko mwajiri atakavyovumilia. Au unaomba upya, wakati wowote, ukiwa umetibu kile hasa kilichotajwa. Kwa wengi hii ya pili ndiyo yenye maana. Aliyeambiwa lugha haitoshi asirudi na barua mpya ya nia. Arudi na cheti cha B2. Na mwajiri aarifiwe siku ile ile barua ilipofika. Wengi hukubali kusogeza tarehe ya kuanza hadi muhula unaofuata, ila hawapendi kungoja kimya.

Viza ikitoka, isome kabla hujatoka mlangoni: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na maneno yanayotaja mafunzo. Hudumu miezi michache tu. Ukifika, una wiki mbili tangu uhamie chumbani kujiandikisha katika ofisi ya mji, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha unaishi pale. Bila usajili huo hupati namba ya kodi, na mambo ya benki huwa magumu. Kisha Ofisi ya Wageni hubadilisha viza kuwa kibali cha ukaazi, na miadi yake katika miji mikubwa huchelewa, kwa hiyo iombwe wiki ya kwanza. Barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, itakuja hata kama huna televisheni. Si utapeli. Wanaokaa pamoja hulipa moja na kugawana.

Kibali hicho kinaruhusu kazi ya pembeni hadi saa 20 kwa wiki. Ni nyingi. Anayezitumia zote ili atume fedha nyumbani atafika shuleni amelala, na mtihani wa kati hauulizi alikuwa na zamu ngapi. Familia iambiwe mapema, kabla ya harambee, kwamba mwaka wa kwanza hakuna kitakachotumwa.

Na ikitokea mkataba ukavunjika, karakana imefilisika au mwajiri amefunga hoteli, kibali hakifi siku hiyo hiyo. Kifungu kile kile cha 16a kinasema kwamba pale ambapo kosa si la mwanagenzi, lazima apewe muda wa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine kabla ruhusa yake haijafutwa. Wengi hawalijui hili na hujificha kwa marafiki, wakapoteza haki waliyokuwa nayo. Nenda Ofisi ya Wageni wiki ile ile ukiwa na barua ya kuvunjwa kwa mkataba, nenda chemba ukaombe orodha ya waajiri wa fani yako wanaotafuta mtu, na utunze kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo chenye saini za kila wiki, kwa sababu mwajiri mpya anaweza kukuhesabia miezi uliyokwisha kufanya.